Picha na Sanamu Zinapozeeka Makanisani Mwetu: Nani Aamue, na kwa Kipimo Gani?



Mwaka 2027 Parokia ya Mhonda itatimiza miaka 150 tangu ilipoanzishwa mwaka 1877 na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliotokea Bagamoyo. Mwaka utakaofuata, Jimbo letu la Morogoro litatimiza miaka 75 tangu lilipotangazwa kuwa jimbo tarehe 25 Machi 1953. Parokia ya Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, imekwisha kuvuka miaka 125, kwa kuwa ilianzishwa mwaka 1897. Jubilei ni neema, na kila jubilei huja na maandalizi yake: kamati huundwa, michango huitishwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na mapema sana mtu mmoja hutamka neno ambalo wote hulifurahia: tupake rangi.

Neno hilo ndilo linalotufanya tuandike. Katika makanisa kongwe na viwanja vyake zimo kazi za sanaa ambazo umri umeanza kuzielemea: michoro ya ukutani iliyofifia, sanamu za plasta zilizokatika vidole, vituo vya Njia ya Msalaba vilivyoingiwa na mchwa, misalaba ya mbao iliyosimama juani na mvuani kwa miongo mingi, groto za Bikira Maria zilizoota kuvu. Milima yetu hupokea mvua nyingi, na ukungu wake haukauki upesi. Unyevu hupanda kutoka msingini, bati lililotoboka hudondosha maji juu ya mchoro, chokaa huvimba na kubanduka. Ndivyo vilivyo vitu vya dunia. Lakini mbele ya kila kimojawapo swali ni lile lile: tukitengeneze, tukihamishe, au tukiondoe? Nalo swali hilo mara nyingi hujibiwa na fundi mwenye brashi, kabla jumuiya haijajua kwamba liliulizwa.

Tunalotaka kusema ni fupi. Kazi ya sanaa iliyowekwa kanisani ni amana ya jumuiya inayosali mbele yake, wakiwamo wale waliokwisha kulala katika Bwana na wale ambao hawajazaliwa. Kwa hiyo uamuzi juu yake hauwezi kuwa wa mtu mmoja, awe paroko, mfadhili au mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Tena hatua ya kwanza ya kuihifadhi ni kuijua habari yake. Saruji na rangi hufuata baadaye.

Mawe ya Gilgali na nyoka wa shaba

Maandiko Matakatifu yanatupa mifano miwili ambayo inafaa kusomwa pamoja. Katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Waisraeli wanavuka Yordani na kuchukua mawe kumi na mawili kutoka mtoni, ili yawe ukumbusho. Sababu inayotolewa ni kwamba siku moja watoto watawauliza wazazi wao maana ya mawe yale, na wazazi wawe na jibu la kuwapa. Mawe yenyewe hayakuwa na uzuri wowote. Thamani yake ilikuwa katika swali la mtoto na jibu la mzazi.

Mfano wa pili umo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18. Mfalme Hezekia anamvunja-vunja nyoka wa shaba, yule yule aliyetengenezwa na Musa jangwani kwa agizo la Mungu, kwa sababu watu walikuwa wamefikia kumfukizia uvumba. Kitu kitakatifu kwa asili yake, chenye umri wa karne nyingi, kiliondolewa, na Maandiko yanamsifu mfalme aliyekiondoa.

Kwa mifano hiyo tunaonywa pande zote mbili. Anayesema kwamba kila cha kale lazima kibaki, amemsahau Hezekia. Anayesema kwamba kilichochakaa kiondolewe tu, ameyasahau mawe ya Gilgali. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima tunayoipa picha takatifu humwendea yule anayeonyeshwa na picha hiyo. Ndiyo maana sanamu iliyovunjika mkono haipaswi kutupwa jalalani. Na ndiyo maana pia hakuna sanamu iliyo na haki ya kudumu milele.

Sheria za nchi na sheria za Kanisa

Waamini wengi hudhani kwamba Serikali inalinda kila kitu cha kale. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya Tanzania Bara vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Wamisionari walifika Bagamoyo mwaka 1868. Hesabu hiyo ina maana kwamba karibu kila kilichojengwa, kuchongwa au kuchorwa na Kanisa katika nchi yetu upande wa Bara kimezaliwa baada ya mpaka huo. Waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza eneo au jengo kuwa urithi unaolindwa, lakini pasipo tangazo hilo, ulinzi wa mchoro uliomo katika kanisa la kijijini Uluguru umo mikononi mwa parokia yenyewe.

Sheria za Kanisa zinatudai zaidi. Kanuni ya 1189 inaagiza kwamba picha na sanamu zenye thamani, iwe kwa umri, kwa ufundi au kwa ibada ya waamini, zisikarabatiwe kamwe bila idhini ya maandishi ya Askofu au mwenye mamlaka halali, naye kabla ya kutoa idhini hiyo awasikilize wataalamu. Tuangalie kwamba kanuni inataja mambo matatu. Sanamu ya plasta iliyotoka kiwandani, ambayo mtaalamu wa sanaa asingeitazama mara mbili, inaweza kuwa na thamani kwa sababu tu vizazi vitatu vya akina mama wamepiga magoti mbele yake. Kanuni ya 1190 inaongeza kwamba picha inayoheshimiwa sana na watu katika kanisa fulani haiwezi kuhamishwa moja kwa moja wala kutolewa kwa mwingine pasipo ruhusa ya Kiti cha Kitume. Na kanuni ya 1283 inadai iwepo orodha kamili ya mali za Kanisa, zikiwamo zile za urithi wa utamaduni, nakala moja ikikaa parokiani na nyingine jimboni.

Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Liturujia iitwayo Sacrosanctum Concilium ya tarehe 4 Desemba 1963, walitafuta usawa huo huo. Walifundisha kwamba Kanisa halikuwahi kuufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake, kwamba uzuri wenye adabu una nafasi kuliko fahari ya gharama, na kwamba maaskofu wawe macho ili vyombo vitakatifu na kazi za thamani zisiuzwe wala kutawanywa. Hivyo mfadhili anayejitolea kuweka vigae na dari jipya la jipsamu hana budi kushukuriwa. Lakini ukarimu wake haumpi mamlaka ya kuamua kipi kifunikwe.

Tunajifunza nini kwa majirani?

Bagamoyo ilikuwa makao ya Vikarieti ambayo baadaye ikawa Jimbo la Morogoro. Kanisa la kwanza lililojengwa pale na wamisionari mwaka 1872 halipo tena. Kilichobaki ni mnara. Watu wengi huujua kwa jina la Livingstone, ambaye mwili wake ulipitishwa hapo Februari 1874. Jumuiya haikulazimishwa kusali katika magofu: lilijengwa kanisa jingine kubwa, na mnara ukaachwa usimame. Hiyo ni njia ya tatu kati ya kutunza vyote na kubomoa vyote. Hata hivyo, mnara huo unatufundisha pia hatari yake. Jina lililoshika ni la msafiri aliyekuwa maiti alipofika, wakati kanisa lenyewe lilikuwa la watu waliokombolewa kutoka utumwani, ambao walisali ndani yake wakiwa hai. Kitu kinaweza kutunzwa vizuri na habari yake ikapotea nusu.

Dar es Salaam inatupa mfano wa aina nyingine. Wajerumani walisimamisha pale sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipoiteka nchi mwaka 1916, mwaka ule ule ambao majeshi yao yaliingia mjini Morogoro tarehe 26 Agosti, sanamu hiyo iliangushwa. Mwaka 1927 palisimikwa sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu yanayowataja askari na wapagazi waliokufa vitani. Iliwekwa na mtawala mkoloni, naye kwa makusudi yake. Lakini Uhuru ulipokuja mwaka 1961, haikuondolewa. Ya gavana ilianguka pamoja na utawala wake. Ya askari asiye na jina ilibaki, kwa kuwa watu wanaweza kuwaona ndani yake babu zao waliobeba mizigo na wasirudi. Jumuiya inaweza kupokea kitu kilichotengenezwa na mwingine na kukipa maana yake yenyewe.

Mfano wa tatu ni wa huzuni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar katika utawala wa Sultani Barghash, iliporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa limo katika Mji Mkongwe, ulioandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Heshima ya jina haikuzuia ukuta kuanguka. Kwa hiyo kwa groto iliyopasuka juu ya mahali watoto wa Utoto Mtakatifu wanapokaa, au kwa msalaba mkubwa uliooza chini, usalama wa watu hutangulia kila mjadala. Pazungushiwe kamba leo; mjadala uendelee kesho.

Nani asikilizwe?

Parokia zetu zina vyombo vya kuamulia: Halmashauri ya Walei, Kamati ya Fedha, Kamati ya Liturujia. Vyombo hivyo ni vya lazima, lakini mara nyingi wenye kumbukumbu hawamo ndani yake. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na habari za nani alizaliwa na nani na shamba lipi ni la nani zimetunzwa sana na bibi zetu. Ni wao pia wanaofagia kanisa, wanaopamba altare na wanaojua mchoro ulianza kufifia lini. Kama orodha ya walioulizwa haina hata bibi mmoja, haijakamilika.

Wasikilizwe pia makatekista wastaafu, wazee wa vigango na mafundi. Wasikilizwe vijana, ambao wengine husema wazi kwamba picha fulani inawakwaza. Jambo hilo tusilikwepe. Katika baadhi ya picha za katekesi zilizoletwa zamani kutoka Ulaya, watakatifu na malaika wote walipewa nyuso za Kizungu, na shetani akapakwa weusi. Mtoto wa Kinole au Mgeta akiuliza kwa nini, tutamjibu nini? Picha inayomfanya mbatizwa ajione yuko upande wa shetani haifai kubaki mahali pa ibada, hata iwe na umri gani. Hapo tuko karibu na nyoka wa shaba. Lakini kuichoma usiku si busara. Ihamishiwe ukumbi wa parokia au hifadhi ya Jimbo, iwekewe maelezo, iwe somo la historia yetu pamoja na makosa yake.

Kwa upande mwingine, tusiwakaripie wazee wanaolia sanamu inapoondolewa. Mzee aliyefunga ndoa mbele ya mchoro ule na kuwazika wazazi wake kutoka hapo anatoa hoja yenye uzito sawa na hoja ya mhasibu.

Je, maskini hawana haki kwanza?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na inastahili jibu la kweli. Familia ya mkulima wa mboga Mgeta inalipa ada ya shule, inachangia zahanati, inachangia mfuko wa kulitegemeza Jimbo, na sasa inaombwa ichangie ukarabati wa picha. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Novemba 2018 kwa mkutano uliofanyika Roma kuhusu makanisa yaliyoachwa na urithi wake, alikumbusha kwamba mali za utamaduni za Kanisa hazina thamani isiyo na mipaka, na kwamba inapobidi zinapaswa kutumika kwa manufaa makubwa zaidi ya binadamu, hasa maskini. Alimtaja Mtakatifu Laurenti Shemasi kuwa mfano. Basi kama uchaguzi kweli ni kati ya dawa na mchoro, Kanisa limekwisha kutujibu.

Lakini tujiulize kama uchaguzi wenyewe ni huo. Katika Injili ya Yohane, sura ya 12, aliyetaja maskini ili kupinga marhamu ya Bethania hakuwa akiwajali. Parokia inayosema haina fedha za kutunza mchoro wa kale mara nyingine imekwisha kupata fedha za kuufunika kwa rangi na vigae. Tena matunzo mengi ya kwanza ni ya gharama ndogo: kuziba bati, kusafisha mifereji ya maji ya mvua, kukata matawi yanayogusa ukuta, kuondoa udongo uliorundikana msingini, kufungua madirisha ili hewa ipite, kuwazuia popo darini, kuukagua mchwa kila msimu. Mambo hayo yanaokoa mchoro na paa kwa pamoja. Yanayogharimu sana ni kukarabati picha yenyewe, na hilo tusilifanye wenyewe kabisa. Saruji juu ya chokaa ya zamani hufungia unyevu ndani, na rangi ya mafuta juu ya uso wa sanamu haiondoki tena. Kutofanya kitu kwa mwaka mmoja huku tukiuliza ni afadhali kuliko kuharibu kwa siku moja kwa nia njema.

Na vile vipya je?

Kutunza vya kale kusitufanye tuogope vipya. Waluguru, kama jirani zao Wazaramo na Wakwere, walikuwa wachongaji hodari. Vigoda vya watawala na vinyago vidogo vya mwana hiti, vilivyotumika katika malezi ya wasichana, vimo leo katika makumbusho ya Ulaya, huku watoto wetu wengi hawajawahi kuviona. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya urithi wa Wasukuma na kuuingiza katika kanisa lenye alama za utawala wa jadi. Mbenediktini Polycarp Uehlein aliacha michoro yake katika kuta za makanisa mengi ya Tanzania. Sanaa ya aina hiyo nayo itazeeka, na wajukuu wetu watauliza juu yake maswali haya haya. Kwa hiyo kila parokia inayoagiza picha mpya iandike tangu sasa: nani ameichora, kwa rangi gani, mwaka gani, nani alilipa, na kwa nini mtakatifu huyu na si mwingine.

Tunayopendekeza

Kabla ya jubilei zinazokuja, tunaona mambo machache yanawezekana kwa kila parokia kongwe. Kwanza, pasipakwe rangi yoyote juu ya mchoro, wala isiondolewe sanamu yoyote, mpaka Halmashauri ya Walei iwe imelijadili jambo na waamini wametangaziwa Dominika zisizopungua tatu. Pili, vijana wapewe kazi ya kupiga picha kwa simu zao kila kazi ya sanaa iliyomo kanisani na vigangoni, mbele, nyuma na ubavuni, na kukaa na wazee wakiandika habari zake. Kazi hiyo haina gharama kubwa, nayo inatimiza agizo la kanuni ya 1283. Tatu, kila kitu kipimwe kwa maswali manne: Je, watu bado wanasali mbele yake? Je, kina habari ambayo watoto wanahitaji kuijua? Je, kinamkwaza au kumhatarisha mtu? Je, tuna uwezo wa kukitunza kwa miaka kumi ijayo, na si kwa siku ya sherehe tu?

Nne, pale majibu yanapoonyesha kwamba kitu kina thamani, Askofu aandikiwe na wataalamu watafutwe, wakiwamo wa Makumbusho ya Taifa, Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tano, pale inapoamuliwa kwamba kitu kiondoke, kiondoke kwa heshima. Kanuni ya 1171 inakataza vitu vilivyobarikiwa kutumiwa kwa namna isiyofaa. Kisiuzwe sokoni, kisigeuzwe pambo la sebule ya mtu, kisitupwe. Desturi ya Kanisa ni kukizika au kukichoma, na ingefaa hilo lifanyike mbele ya jumuiya, kwa sala, na tukio liandikwe katika kitabu cha matukio ya parokia.

Yupo atakayesema kwamba utaratibu huu ni mrefu. Ni mrefu kweli. Lakini ukuta uliosubiri miaka themanini unaweza kusubiri Dominika tatu, na katika Dominika hizo huenda bibi mmoja akasimama baada ya matangazo na kusema ni nani aliyeuchora, na kwa nini. Tunawaomba maparoko na viongozi wa walei wasianze kazi kabla hajapata nafasi ya kusema.